Binti Finnbogi

Mwaka 2010, volkano ya Eyjafjallajökull ilipofunga anga ya Ulaya kwa majivu, watangazaji wa dunia nzima walijikwaa hewani. Wengine waliishia kusema "ule mlima wa Iceland", wakameza mate.

Wewe Mswahili una nafuu kwenye lugha ya Iceland. Herufi ð ni dh ya dhahabu, þ ni th ya thelathini, madrasa ilishakulipia. Ila hiyo ll ya mwishoni mwa Eyjafjallajökull, inayotoka kama "tl" ya mtu aliyejing'ata ulimi, nakuachia mwenyewe.

Na jina la ukoo? Watu wengi wa Iceland hawana. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa rais wao mwaka 1980, ni Vigdís binti Finnbogi, basi. Kaka yake? Finnbogason. Baba, mama, mwana na binti huweza kuwa na majina manne ya mwisho chini ya paa moja, na karani wa hoteli ng'ambo akawatazama kama wezi wa watoto.

Jina la mwimbaji wetu wa taarab, Siti binti Saad, lingeingia kwenye fomu zao bila swali. Sisi wajukuu zake ndio tunaokwama kwenye kisanduku cha "jina la ukoo", tukaandika la babu.