Mwenye Nyumba Ana Manyoya

Kuku wa bantamu alipunjwa kimo, akafidiwa kiburi. Jike lake hata kilo moja kwa kawaida hafiki, lakini akiamua kuatamia, nyumba nzima hubadilisha ratiba. Wetu aliamua mwezi wa pili, hapa Tanga, kaskazi imeshika na bati linaalika kwa jua. Banda nilimjengea, majani makavu nilimtandikia. Yeye akachagua kapu la nguo za kupigwa pasi, juu ya kanzu yangu ya Ijumaa.

Nilimsogelea kwa adabu. Akajitutumua mpaka akawa mviringo, akakoroma, kisha akanidonoa kwenye kiganja bila kuonya mara ya pili. Mama mkwe, aliyekuja kutujulia hali tangu mwaka juzi, alitoa hukumu bila kuinuka mkekani.

"Mkwe wangu, kuku akishaatamia hahamishwi. Nenda na shati."

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. La bantamu mara nyingi huwahi kwa siku moja au mbili. Lataka joto la nyuzi 37 na nusu hivi, na mwili wa kuku una nyuzi 41, kwa hiyo kazi ya mama ni kukaa tu. Huku kwetu saa nane za mchana kukaa ndiko kunakomshinda. Kuku hatoki jasho. Hupumua kwa kuhema, mdomo wazi, mabawa kayatanua. Wetu akitoka kunywa maji alikawia kivulini, na mayai wala hayakupoa.

Tatizo ni kwamba yai lililofia njiani nalo hupata joto lilelile: huoza, gesi hujaa ndani, ganda hushindwa. Nilishauri tuyamulike usiku kwa tochi ya simu, yenye mishipa myekundu yabaki, mengine yatolewe. Mama mkwe akasema kummulika mzazi ni utovu wa haya. Basi viza likapasuka Ijumaa mchana, pilau ndiyo kwanza linapakuliwa, na wageni wote wakakumbuka kwa pamoja kwamba wana safari.

Vifaranga wakatoka, wadogo kiasi cha kupenya kwenye matundu ya wavu wa banda. Nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji akanipa chakula cha kuanzia, na balbu.

"Balbu ya nini?"

"Ya joto, kaka. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35."

Nikapima sebuleni: 34. Balbu nikaifunga chooni, ambako kulikuwa na giza tangu Idi.

Vitabu vya ufugaji, nadhani, huandikwa na watu wanaotetemeka. Vinasema vifaranga wakijikusanya na kulia, wana baridi. Wakitawanyika, midomo wazi, vibawa vikining'inia, wamezidiwa na joto, balbu izimwe au ipandishwe juu. Nikaitazama familia yangu. Kila mmoja na kona yake, mdomo wazi, mikono mbali na mwili. Kwa mujibu wa kitabu, lililotakiwa kupandishwa juu ni jua.

Maji nayo yana kesi yake. Kwenye joto kifaranga asiyekunywa hudhoofika upesi, na ukimwekea bakuli la kina anazama. Dawa ni kisahani kilichojazwa mawe, anywe katikati ya mawe. Mawe safi yaliyopatikana yalikuwa gololi za mwanangu. Akadai kodi.

Mama wa vifaranga hakusubiri kitabu. Mapema tu aliwaongoza wanawe mpaka chini ya mtungi wa maji ya kunywa, pale udongo unapovuja jasho na sakafu inapokaa baridi mchana kutwa. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba yenye ubaridi usiotegemea umeme, na kuanzia hapo ikawa yake. Anayetaka maji apige hodi. Paka wa jirani hakupiga. Alitokea dirisha ambalo sikujua kwamba linapitika. Kunguru, anayemaliza vifaranga wa mtaa mzima, alitua ukutani, akapima hali, akaondoka. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Sisi hata jicho hatukumlenga. Tukanywa ya bomba, ambayo msimu huu hutoka tayari kwa kutiwa majani ya chai.

Chanjo ya kideri tuliitia alfajiri kabla jua halijachachamaa, tone moja jichoni kwa kila kifaranga. Mimi nilishika vifaranga, mke wangu akashika chupa, mama yao akanishika mimi.

Hawajafikisha hata miezi miwili, akawafukuza kwa madonoo wakajitegemee. Tukadhani mtungi umerudi kwa wananchi. Asubuhi moja nikamkuta juu ya kile kisahani, kimekauka, macho yamemlegea, manyoya kayatutumua: anaatamia gololi. Mwanangu akaja kudai mali yake. Mama mkwe akamzuia kwa mkono.

"Mjukuu wangu, mwache atimize siku zake 21, tuone."

Mtoto akafikiri kidogo.

"Sawa, bibi. Lakini zikitotolewa ndogo, ni zangu."