Sifa za Wufa

Watu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wamesifu hata pweza wa nazi. Wufa haijapata msifu. Kasha hili jeusi linalokaa sakafuni chini ya televisheni, lenye taa za buluu na tundu linalotoa upepo, limetukanwa kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni na watu ambao hawakuchangia hata shilingi moja kulinunua. Mimi nimejitolea kulitetea, tena kwa ushahidi.

Nianze na boksi lake. Zunguka maduka ya vifaa vya umeme utakuta wufa imeandikwa ubavuni wati 15,000, na kando yake herufi nne ndogo: PMPO. Sasa, soketi ya ukutani hapa Kenya ni ya volti 240, na plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha: wati 3,120, basi. Maana yake wufa inapokea elfu tatu na kurudisha elfu kumi na tano. Ni chama gani cha akina mama kimewahi kugawa faida ya namna hiyo? Wenye kijicho huigeuza, wakasoma kibandiko cha nyuma, wakakuta wati 60, kisha wakaanza kuhubiri kwamba PMPO ni kilele cha kufikirika cha nukta ya sekunde, na kwamba kipimo cha haki ni RMS. Waacheni. Kuna watu wamezaliwa kusoma migongo ya vitu.

Namna ya kuichagua nayo haina usumbufu. Muuzaji hakuulizi sebule yako ina upana gani, kuta ni za mawe au za udongo, wala unapenda kutazama nini. Anachomeka flashi, anapandisha sauti hadi mwisho, vioo vya kabati vinatetemeka, na vijana wa bodaboda nje wanageuza shingo.

“Umesikia, mzee wangu?”

Umesikia. Na kama una swali, lilinde, kwa kuwa yeye hasikii.

Lakini sifa yake kuu ni ukarimu. Televisheni ina choyo. Humhudumia aliyeketi mbele yake. Zile spika ndogo zinazokuja pamoja na wufa hupeleka maneno ya filamu mpaka kwenye kochi, zikaishia hapo, na nyumba nyingi huzivisha vitambaa vya kufuma na kuziwekea maua. Wufa haikununuliwa kwa ajili ya kochi. Mlio wa mitetemo 40 kwa sekunde una wimbi la takriban mita nane na nusu, na chumba cha kupanga pale Maweni au Kisumu Ndogo ni futi kumi kwa kumi. Ukuta mwepesi hauuzuii, paa la makuti halina habari kwamba umepita, na sikio la binadamu hushindwa kutambua mlio mzito hivyo unatoka upande gani. Dini zetu zote zinasifu sadaka ya siri. Hii hapa: mtaa mzima unapokea, na mtoaji hajulikani.

Watu wa mji wa kale wa Gede hawakuionja neema hiyo. Magofu yao, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948, yana kuta nene za matumbawe na chokaa, na vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazibebi dari pana. Katika chumba kama kile ungeweza kuishi miaka hamsini bila jirani kujua unatazama nini. Mji ulihamwa katika karne ya 17. Wataalamu wanataja maji kupungua, biashara na vita. Sibishani nao, ila upweke nao unaua.

Na filamu zenyewe? DJ Afro alijipatia jina kote nchini kwa kuzungumza juu ya filamu za kigeni, akimweleza mtazamaji kwa Kiswahili na Sheng nani anampiga nani na kwa sababu gani. Wufa imeifupisha kazi hiyo. Maneno ya wachezaji hukaa katika milio ya juu, ambayo wufa haishughuliki nayo, kwa hiyo ukiifungulia ipasavyo kinachobaki ni mlipuko, mlango kubamizwa, na mlipuko. Mgiriama, Mbajuni na Mwitaliano wa Malindi wanaelewa sawasawa. Ukiichezea taarab ya Zein l'Abdin, udi wake unageuka tetemeko lenye heshima zake.

Wanaolalama kwamba kelele ni mambo ya siku hizi wamesahau historia. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini huko Ngomeni, ikiwemo ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Pwani ilinguruma na hatukufa. Tofauti ni kwamba roketi ikishanguruma huenda zake.

Serikali pia imeienzi wufa. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza mtetemo unaozidi nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja chako. Redio ya betri haijawahi kutungiwa kanuni tukufu kama hiyo. Na asiseme mtu kwamba wufa haina dini: adhana ikianza, wengi huiteremsha sauti, na hapo ndipo tunapogundua kwamba ndani ya ile nyumba kulikuwa na watu wakizungumza.

Mahali pamoja tu nakunja mkeka wangu wa sifa. Ndugu zake wakubwa hukodiwa kwa disko matanga, usiku kucha, vijijini Kilifi, na wakuu wa serikali wamezipiga marufuku disko hizo mara kwa mara wakitaja mimba za wasichana wa shule. Hilo halina mzaha, nalipita.

Basi wewe unayejipanga kununua, pokea ushauri wa shabiki. Ukifika dukani omba uwekewe taarifa ya habari, kwa sauti ya chini. Ukisikia kila neno, iache. Hiyo itakufaa wewe peke yako. Kisha uliza RMS. Muuzaji akikutajia bila kubabaika, toka. Akikuuliza RMS ni kitu gani, umefika. Na kabla hujalipa, tafadhali niambie unakaa mtaa gani, maana natafuta nyumba ya kupanga.