Fadhila za Viza ya Familia

Ndoa katika mwambao wetu, kutoka Lamu hata Kilwa, imesimama kwa karne nyingi juu ya walii, mashahidi wawili, mahari, na matamko mafupi ya kuoza na kukubali. Na wazee waliotutangulia, kwa upungufu wa elimu ambao hatuna budi kuwasamehe, walidhani ya kuwa mambo hayo yakishatimia basi mwanamume na mwanamke wamekwisha kuwa mume na mke. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyotutoa katika kiza hicho. Tangu tarehe 9 Julai 2012, zilipoanza kutumika kanuni mpya za kumleta mke, mume au mzazi kukaa katika nchi ile, kila mwana wa pwani aliyelowea London au Leicester, naye mwandani wake yuko ng'ambo ya bahari, amejifunza kwamba nikahi ni rasimu tu, na kwamba ndoa yenyewe hufungwa na ofisa asiyeonekana, juu ya meza isiyojulikana iliko, baada ya kupima makaratasi. Hata hivyo viza hii inalaumiwa mno. Katika mabaraza ya Mombasa na Unguja humalizi kikombe cha kahawa pasipo kumsikia mtu akiilaani, na aghalabu wanaoilaani ni wale wale iliowatendea ihsani kubwa. Mimi nimeazimia kuitetea.

Tutazame kwanza mahari. Kwetu hukubaliwa na pande mbili, huwa haki ya mke, na habari yake huishia hapo. Mahari ya Uingereza ni tukufu zaidi kwa kuwa haimwendei mtu yeyote; ni ya kutazamwa tu. Mwenyeji anayemwita mwenzi wake alitakiwa hapo awali aonyeshe pato la pauni 18,600 kwa mwaka; tangu tarehe 11 Aprili 2024 hutakiwa aonyeshe pauni 29,000, pamoja na karatasi za mshahara na taarifa za benki zinazolingana nazo senti kwa senti; na asiye na pato hilo hakutupwa, bali ameruhusiwa kuonyesha akiba ya pauni 88,500 iliyolala benki miezi 6 bila kuguswa, ruhusa ambayo wafagiaji wa ofisi na watunza wazee wa zamu ya usiku, sina shaka, huikumbuka kwa shukrani. Mshahara anaoupata mke kule Mombasa, hata akiwa daktari bingwa, hauingii katika hesabu, kwa maana haielekei bibi harusi akajilipia mahari. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikiri ya kuwa kanuni hii huzitia familia nyingi katika dhiki, ikakosoa namna watoto walivyosahauliwa ndani yake, kisha ikaiacha isimame. Na kitu kinachoumiza kwa kibali cha majaji si kitu cha kubezwa.

Zamani somo alimfunda mwari mambo ya nyumba, na wakwe wakatazama tabia yake. Sasa mke hufanya mtihani wa kusikiliza na kusema Kiingereza, daraja ya A1, na akiwa anatoka Kenya au Tanzania huchukua pia cheti kwamba hana kifua kikuu. Tabia tumeiacha, tunatazama mapafu.

Lakini mapenzi yenyewe ndiyo yaliyopata mlezi wa kweli. Viza hutaka ushahidi kwamba wawili hawa wamekutana ana kwa ana, kwamba ndoa yao ni ya haki na bado ingali hai, na kwa hiyo watu ambao wangetupa kila kitu wamekuwa watunza nyaraka: picha za harusi na picha za ufukweni, tiketi za ndege, risiti za fedha zilizopelekwa, na mazungumzo ya simu ya usiku, yote yakapangwa kwa tarehe. Hapo, ni kweli, hutokea tashwishi kidogo. Mume wa kwetu, mwenye adabu zake, hamtaji mkewe kwa jina mbele za watu. Humwita mama fulani, au husema watu wa nyumbani. Na mapenzi yake ameyazoea kuyapitisha kwa mafumbo, au kwa chakula. Ofisa akifungua kurasa 200 za WhatsApp zilizotafsiriwa kwa malipo na mtaalamu mwenye mhuri, akitafuta moto wa mahaba, hukuta: umekula? Nimekula. Mtoto? Amelala. Mvua huko? Imenyesha. Siku ya pili hukuta hayo hayo, na ya tatu vile vile. Mtu mzima yeyote wa Pangani angekwambia kwamba hapana ushahidi wa ndoa uliopita huu. Ila watu wazima wa Pangani hawaajiriwi katika idara ile. Kwa hiyo vijana wetu, kwa nasaha za waliowatangulia, wameanza kuandikiana maneno matamu ya wazi wazi, na ikiwa ushairi wa mapenzi utashamiri tena katika lugha hii, ahsante tutaipa viza.

Wanaonung'unika wangekumbuka na ilivyokuwa kabla ya 1997. Wakati huo mume aliyeomba kuingia alipaswa kuthibitisha kwamba kuingia Uingereza hakukuwa kusudi kubwa la kuoa kwake, na kadiri alivyozidi kusema kwa moyo safi ya kuwa anataka sana kwenda kuishi na mkewe Uingereza, ndivyo alivyozidi kujitia hatiani. Kanuni hiyo ilifutwa, nami naisikitikia, maana ilikuwa shule nzuri ya mantiki.

Faida nyingine ni ya kudumu kwa ndoa. Sisi huoza kwa umri mzima, haraka isiyo na busara. Viza hukata umri huo vipande: miezi 33 ya kwanza kwa anayetoka ng'ambo, kisha 30, kisha, miaka 5 ikitimia, ombi la kukaa moja kwa moja, na kila kipande kikiisha mapenzi hupelekwa tena mizanini. Kadhi huwasuluhisha waliokwisha kugombana, lakini viza huwazuia wasithubutu kugombana, kwa kuwa mke akirudi kwao kwa hasira mwezi wa 29, nani atatia saini? Ya ada sitasema mengi: pauni 1,938 za maombi katika mwaka 2025, na juu yake 3,105 za matibabu kwa kipande cha kwanza, zinazolipwa kabla mtu hajakohoa.

Yote hayo ni madogo mbele ya ihsani waliyotendewa wazazi. Kabla ya 2012 mzazi mjane aliyetimiza miaka 65, akiishi kwa kutegemea fedha za mwanawe wala hana jamaa wa karibu wa kumwangalia, aliweza kuitwa akakae naye. Kasoro ya sheria hiyo ilikuwa dhahiri: ilimruhusu mzazi mwenye afya kwenda kula pamoja na wajukuu zake. Sheria ya sasa inataka mzazi awe, kwa uzee, maradhi au ulemavu, hawezi kuoga, kuvaa wala kujipikia asiposaidiwa. Kisha mwana athibitishe kwamba msaada huo haupatikani katika nchi ya mzazi hata kwa fedha ambazo angeweza kupeleka. Na akishathibitisha kwamba fedha zake hazifai kitu Tanga, athibitishe kwamba zinatosha kabisa Uingereza, kwa maana huweka ahadi ya kumlisha na kumpa makazi mzazi huyo miaka 5 bila kuigusa hazina ya umma.

Mizani hii ni laini ajabu. Bibi mwenye kisukari na magoti mabovu ambaye bado hujikorogea uji wake wa alfajiri hajafika, uji umemponza. Asiyeweza kukoroga uji, lakini ana mpwa alalaye chumba cha pili, naye hajafika, kwa kuwa mpwa yupo. Mpwa akiolewa akahama, huulizwa kwa nini asiajiriwe mtumishi. Sisi tulikuwa tukidhani kwamba haja ya mama kwa mwanawe ni kumwona uso. Kumbe ni kuvishwa, na kuvishwa aweza kuvishwa na yeyote.

Na mama huyo huyo akiomba kwenda kuzuru tu, miezi 6 kisha arudi, mambo hugeuka chini juu. Sasa aonyeshe kwamba ana nyumba ya mawe, minazi, watoto wengine, wajukuu, kiti chake katika maulidi ya mtaa, na kila sababu ya kurudi kwao. Katika faili moja ana watu tele; katika faili la pili ni mkiwa. Wanaofikiri kwamba lazima mojawapo liwe la uongo hawajawahi kuwa na mama, maana mtu aweza kuwa na nyumba, minazi na wajukuu wanane, na kila jioni akauliza yule mmoja atakuja lini.

Jibu la ombi la kukaa likija la kukataa, ambalo kwa wazazi ndilo lililozoeleka, barua huwa ya adabu kamili: hakuna anayekanusha kwamba mama ni mgonjwa, wala kwamba mwana anampenda, ni kiasi tu ambacho hakikufika. Mkataliwa aliyeko ng'ambo hupewa siku 28 za kukata rufaa, na hata rufaa isikilizwe huweza kupita miezi mingi. Asihuzunike mwana. Ikiwa katika kungoja huko mama atashindwa hata na uji, basi makaratasi yake yatakuwa yamekaa vizuri zaidi.