Hasara ya Kuijua Kazi

Kila Mei na kila Novemba, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, huwaita watahiniwa wake, na miongoni mwao hawakosekani watu wenye mvi, miwani ya kusomea na cheo kazini. Ni watu waliolipa mishahara ya wenzao kwa miaka, wakafunga hesabu umeme umekatika, wakampokea mkaguzi kwa chai na maandazi hadi akapunguza ukali. Wanaketi na vijana waliomaliza chuo juzi, ambao hati ya malipo wameiona kitabuni tu. Mkubwa akiambulia masomo mawili ya kurudia, maelezo huwa yako tayari: ujana umemtupa mkono, kichwa hakishiki tena. Nakataa. Mhasibu wa miaka 45 anakumbuka hundi ya mteja gani ilirudi, gari gani la ofisi lilibadilishwa injini mara mbili kwa risiti zinazofanana, na bosi yupi alihama bila kurejesha masurufu ya safari ya Dodoma. Kichwa hicho ni kizima. Kinachomwangusha ni kuijua kazi.

Chukua urari uliokataa kulingana. Ofisini, jioni ya kufunga mwezi, tofauti ya shilingi 6,400 hutupwa kwenye akaunti ya muda, watu wakawahi daladala. Itakaa humo hadi izoeleke, na ipo siku itahamishiwa matumizi mengineyo kwa heshima zote. Kwenye mtihani, akaunti hiyohiyo ndiyo mwanzo wa swali: tafuta makosa yote, andika maingizo ya kuyasahihisha, uifunge ibaki sifuri. Mzoefu analisoma swali huku mwili mzima ukimwambia muda wa kazi umekwisha. Au chukua mali za kudumu. Kiwango cha kimataifa cha IAS 16 kinataka muda wa matumizi wa mali uangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha. Kwenye daftari la mali la ofisi nyingi, gari lilishafika thamani ya sifuri zamani, na bado linakwenda Morogoro na kurudi na magunia ya mkaa ya mkurugenzi. Halafu kuna kodi ya pango. Tangu tarehe 1 Januari 2019, kiwango kingine, IFRS 16, kinamtaka mpangaji aingize haki ya kulitumia jengo kama mali, na kodi zijazo kama deni, baada ya kuzipunguza kwa riba hadi thamani ya leo. Ofisini kodi huingia vitabuni siku mwenye nyumba anapotokea mapokezi amekunja uso. Kwa hiyo mzoefu wetu ataanza jibu lake kwa msamaha: mkataba usiozidi miezi 12 waweza kuhesabiwa kuwa matumizi tu. Yuko sahihi. Bahati mbaya swali lilihusu mkataba wa miaka mitano, na msamaha huo ndio kipengele pekee alichokishika, maana ndimo alimokuwa akiishi.

Mtu ataniambia hizo ni ofisi za ovyo, na kwamba mzoefu wa kampuni kubwa hana tabia hizo. Ni kweli, yeye ana balaa lake. Kampuni kubwa ina mfumo wa kompyuta unaokokotoa uchakavu, unaogeuza fedha za kigeni na kutoa mizania kabla chai haijapoa. Mhasibu anabonyeza. Miaka kumi ya kubonyeza, kisha apewe saa tatu, kalamu na kikokotoo, aandae hesabu za pamoja za kampuni mama na kampuni tanzu kwa mkono! Kufikia ukurasa wa pili vidole vinauma, mwandiko hausomeki, na jicho linatafuta kitufe cha kufuta kosa.

Lakini pigo kubwa liko kwenye swali la maadili, ambalo wengi hulidharau wakidhani ni la kubahatisha. Mkurugenzi anakutaka urudishe nyuma tarehe ya ankara ili mauzo yahesabiwe mwaka huu, ufanye nini? Kijana ambaye hajawahi kuwa na mkurugenzi anajibu bila kupepesa macho: nikatae, nilifikishe suala kwa kamati ya ukaguzi, ikishindikana nijiuzulu. Alama zote. Mzoefu naye analijua jibu hilo, ila kalamu inasita, kwa kuwa ameshaiona Januari na ada zake za shule. Anaandika kurasa mbili za hekima: mazungumzo ya faragha, kupima mazingira, kumwelewa mzee. Ni insha nzuri sana, na ingemfaa mtu anayegombea ubalozi.

Wapo wanaodai kwamba watu wa namna hii wasamehewe mtihani, uzoefu wao uhesabiwe. Naona kinyume. Mtihani unaopima kile ambacho ofisi imeshamzoesha mtu ungekuwa cheti cha mahudhurio. Huu wa sasa unamshika pale hasa alipopinda. Ninachowaunga mkono ni malalamiko ya kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo Mei inamkuta mhasibu wa halmashauri amezingirwa na mafungu yanayotaka kutumika kabla hayajarudi hazina. Novemba inamkuta mwenzake wa kampuni binafsi kwenye bajeti, na pia kwenye harusi za Desemba, ambazo kwa kuwa ni mhasibu amefanywa mweka hazina wa kila kamati. Luca Pacioli, aliyechapisha maelezo ya maingizo mawili mjini Venice mwaka 1494, alikuwa mtawa. Hakuna aliyemdai taarifa ya michango ya harusi.

Linabaki pingamizi la nyumbani, la mke au mume wa mtahiniwa: kustaafu kwa lazima ni miaka 60, sasa haya yote ya nini? Jibu linalosikika kila mahali ni hili: nimeshalipa ada nyingi mno, siwezi kuacha sasa. Ndilo kosa ambalo somo la uhasibu wa menejimenti hulikemea: fedha iliyokwisha kutumika haiingizwi kwenye uamuzi, hutazamwa ya mbele tu. Basi na tuitazame. Mbele ya aliyebakiza somo moja kuna ada ya mtihani mmoja na saa tatu za kukaa kitini. Upande wa pili ipo miaka 15 ya mshahara wa cheo ambacho hapewi bila CPA, yaani cheti cha mtihani huu. Aendelee. Uamuzi wake ni sahihi kabisa, ila kwa njia aliyoonyesha, msahihishaji asingempa alama hata moja.