Wasiwasi Ndiyo Akili? Basi Mimi ni Profesa

Waswahili husema wasiwasi ndiyo akili. Kama ni kweli, mimi nilistahili uprofesa zamani, maana nina kijana wa miaka 16 mwenye selimundu, siko seli kama wengi wanavyoiita. Ugonjwa wake una kliniki, dawa na daktari. Wasiwasi wa baba yake hauna hata zahanati.

Mtoto mdogo mwenye selimundu ni kazi, lakini kazi inayoeleweka. Unampa foliki asidi, anameza. Unamwambia anywe maji, anakunywa. Akifika kidato cha nne, mgonjwa anakuwa na maoni. Chupa ya maji inarudi kutoka shule imejaa vilevile, kisa akinywa sana itabidi aombe ruhusa ya chooni kila kipindi, na wenzake watamcheka.

Halafu kuna hilo jibu lake. Unaendeleaje? "Poa." Mgongo? "Poa." Umelala usiku? "Poa." Siku amejikunja kitandani huku meno yameuma shuka, alikuwa poa vilevile. Ndiyo maana nimehamia kwenye macho. Asubuhi akinipa shikamoo namvuta taratibu kuelekea dirishani, nione weupe wa macho umegeuka manjano kiasi gani. Naye kashanijulia, siku hizi ananiamkia akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akilala kwa bibi yake naingia WhatsApp: mara ya mwisho kuonekana, saa 7:42 usiku. Namshukuru Mungu. Hivi kuna baba mwingine anayeshukuru mtoto kukesha kwenye simu?

Kipupwe kikiingia Dar, watu wanasema afadhali tumepumua. Mimi nahangaika na sweta. Baridi inabana mishipa, chembe za damu zilizojipinda kwa selimundu zinakwama, na maumivu yanaanza. Kijana anatoka nyumbani na sweta mwilini. Akikata kona tu, sweta liko ndani ya begi. Wazazi wenzangu wanaombea divisheni wani. Mimi naomba mtoto asije akapangiwa kidato cha tano kwenye baridi ya Makete.

Ndugu nao hawajambo. Kila anayekuja kutusalimia ana mfuko wa rozela, eti ya kuongeza damu. Naeleza: chembe nyekundu ya mtu wa kawaida huishi siku 120 hivi, ya mwanangu huishi kati ya 10 na 20 tu, ikavunjika. Mwili wake unatengeneza damu usiku na mchana. Shida ni kwamba haidumu. Wanasikiliza kwa makini, wanatikisa vichwa. Kisha shangazi yake anauliza, "Kwani ile rozela ya juzi imeisha?"

Shangazi huyohuyo ana uhakika kuwa ugonjwa ulitoka kwa wakwe. Nimemweleza kuwa ni lazima baba na mama wote wawe wamebeba kinasaba, na hapo kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Yaani mababu wa pande zote mbili walinusurika na mbu, bili wakaniachia mimi.

Juzi kliniki daktari akauliza, "Unaendeleaje?" Nikaanza kujibu. "Baba, nimemuuliza yeye." Kijana akatoa simu. Kumbe ameandika kila siku aliyoumwa: wapi, kwa kiwango gani kati ya sifuri na kumi, alikunywa maji kiasi gani, na dawa yake ya haidroksiyurea aliiruka lini. Maumivu mengine yalimkuta shuleni, akamwambia mwalimu, akapumzika, akarudi darasani, mimi niko kazini sina habari. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. "Baba, ungekuja na bajaji mpaka mlangoni mwa darasa." Daktari akacheka. Sikuona cha kuchekesha. Namba ya mwenye bajaji ninayo, na ameshaelekezwa geti la kupitia.

Basi tumeafikiana. Homa ikifika nyuzi 38, kifua kikibana, mkono ukilegea, mdomo ukienda upande, au maumivu yakikaidi dawa, ananiamsha hata saa tisa usiku na tunaondoka kwenda hospitali bila mjadala. Mengine ni yake. Mimi nimeruhusiwa kuuliza hali yake mara moja kwa siku. Swali moja! Nakaa nalo tangu alfajiri nalipiga msasa, nisije nikalitumia kwenye kifungua kinywa nikalikosa jioni.

Wasiwasi unaobaki nimeutafutia kibarua: nawahimiza ndugu wakachangie damu. Mgonjwa wa selimundu kuna siku huhitaji kuongezewa, na benki ya damu haipokei rozela. Wengi wamekumbuka ghafla kwamba wana presha. Aliyeitikia bila kusitasita ni shangazi. Jumamosi anakwenda kutoa damu, na akitoka huko atapitia kwetu. Anasema tusihangaike kumpikia. Tumwandalie tu sufuria kubwa, kuna mfuko anakuja nao.