Ziwa Tunalo Nyumbani, Jamani

Sisi watu wa Nyasura ziwa tunalo. Si la kuazima. Toka hapa Bunda, shuka kuelekea Ghuba ya Speke, utalikuta limelala pale, kilomita za mraba 68,000 na ushee, halina geti wala tiketi. Unanawa miguu, unanunua sato, unarudi kwako. Sasa mwenye akili zake anisaidie: mimi nilifuata nini kwenye kidimbwi kilichojificha juu ya Mlima Kenya?

Nilipelekwa, jirani. Shemeji yangu anafanya kazi Nairobi, na Nairobi watu wakishashiba wanatafuta mateso kwa hela yao wenyewe. Wana kikundi cha kupanda milima. Akapiga simu, tena hakunipigia mimi, alimpigia dada yake. Wakapanga wenyewe wawili. Mimi nikaletewa taarifa pamoja na ugali: “Baba watoto, unaenda kuona ziwa. Na hilo tumbo lipungue.” Ziwa gani? Michaelson. Nikauliza lina dagaa? Hakuna aliyenijibu.

Ikaja orodha kwenye simu. Tochi ya kichwani: hiyo nikaazima kwa mchimba dhahabu mmoja wa Buhemba. Buti za mlimani: nikachimbua mtumba sokoni, namba 43, mimi navaa 41, lakini ndani zimeandikwa Kijerumani, nikasema hizi zimeshapanda milima kwao, njia zinaijua. Nguo nzito ndiyo ikawa shughuli. Bunda hii nani ana nguo nzito? Nyumba nzima ilikuwa na sweta moja tu la maana, la kijana wangu wa kidato cha tatu. La kijani, nembo ya shule kifuani. Likanibana kwapani ila likaingia.

Basi hilo! Tarime, Sirari, tukagongewa mihuri, Isebania, Kisii. Makalio yalikufa ganzi Kisii, sikuyasikia tena hadi Nairobi. Kesho yake Chogoria, gari likapanda msituni mpaka geti la hifadhi. Hapo mita 2,950. Ziwa letu la nyumbani lipo mita 1,134, na mimi kilima changu kirefu maishani ni cha Balili, nacho nakipanda kwa bodaboda.

Wapagazi wakanitazama kuanzia kwenye nembo kushuka hadi buti. Mmoja akasema, kwa adabu zote, “Karibu, Mwanafunzi.” Basi. Jina likashika hapo hapo. Mwanafunzi amekunywa maji? Mwanafunzi yuko wapi? Yuko nyuma. Mwanafunzi siku zote yuko nyuma.

Mwanzoni nilitangulia, nisikufiche. Nikawa natembea kwa mikogo, wananiambia pole pole mzee, nawajibu sisi watu wa Mara hatujui pole pole. Dakika chache baadaye kifua kikaanza kupiga filimbi. Mwongozaji akanieleza kwamba ukifika mita 4,000, pumzi moja inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani. Sasa hiyo asilimia 40 nyingine imekwenda wapi, na kiingilio si nimelipa chote?

Akanipita mama mmoja mstaafu mwenye wajukuu. Anamenya chungwa. Akanigawia kipande bila kupunguza mwendo. Akanipita mpagazi ana mtungi wa gesi mgongoni na trei ya mayai mkononi, kaishika kwa vidole kama mhudumu wa hoteli, njia yenyewe mawe matupu. Nikamsindikiza kwa macho nikiomba hata yai moja lipasuke, nifarijike. Halikupasuka hata moja.

Usiku tukalala Ziwa Ellis, mita 3,470 hivi. Hapo nikasema sasa ndiyo zamu yangu. Nilikuwa na ndoano na mshipi mfukoni, nimekuja nazo kutoka nyumbani, niwaonyeshe Wakenya wavuvi tunavyofanya. Nimeinama natafuta chambo, mwongozaji akauliza kibali cha kuvua kiko wapi. Kibali! Cha samaki gani? Trauti. Akanipa na historia yake: mayai ya hao samaki yaliletwa Kenya na Waingereza mwaka 1905 kwa meli kutoka Uskochi. Yaani samaki kafika kwa meli, mimi nimefika kwa miguu, na mwenye haki pale ni samaki. Nikarudisha ndoano mfukoni, ikaninasa kidole.

Chai yenyewe ya kule usiniulize. Inachemka mbele ya macho yako, mapovu yanaruka, ukiipuliza mara mbili tu imeshapoa. Kumbe huko juu maji hayana subira, mita 4,000 yanachemka yakifika nyuzi 87 tu. Maharage ndiyo kabisa, unayatafuna yanakujibu.

Kulipokucha tukaingia bonde la Gorges. Ukuta huku, ukuta kule, na katikati miti ya ajabu ya senesio imevaa majani makavu shingoni hadi miguuni. Miti imevaa vizuri kuliko mimi. Karibu na maporomoko ya Vivienne buti la kulia likafungua mdomo. Soli yote, kuanzia kidoleni hadi kisiginoni, ikabaki inaning’inia kwa uzi mmoja. Kila nikipiga hatua linasema plaf. Mpagazi akatoa kamba akanifunga mguu kama anafunga kuku wa kusafirisha. Shemeji akapiga picha. Yule mama mstaafu akanishikia begi. Akaenda nalo moja kwa moja, nikaona haya kumwambia arudishe. Na sikutaka arudishe.

Tukafika. Ziwa Michaelson hilo hapo, chini ya ukuta wa mwamba wanaouita Temple, mita 300 wima. Maji meusi, yametulia, unaweza kulizunguka kabla chai haijapoa, na chai yenyewe ushajua ilivyo. Mwongozaji akaeleza: zamani hizo mto wa barafu uliteremka hapa taratibu, ukisaga mawe, ukachimba bonde lote hili. Ulipoyeyuka shimo likajaa maji. Nikamuuliza, barafu iko wapi sasa? Maana barafu naijua, sisi tunapakia sangara. Akaonyesha huko juu kwenye vilele. Hata kubwa yao, ya Lewis, kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Nimekuja na kichwa kinagonga, buti limefungwa kamba, mwenye nyumba anahama.

Nikasema basi ninawe miguu, kama nyumbani. Nikatumbukiza mmoja. Jamani. Sikulia, niliimba. Ule mguu niliutoa nikauangalia, nilidhani umebaki.

Shemeji akasema tupige picha ya pamoja, ya kumpelekea dada. Tukajipanga. Wakati huo huo ukungu ukashuka ukafunika ziwa lote, ukuta, kila kitu. Na tumbo langu nalo likachagua dakika hiyo hiyo kurudisha maharage. Kwa hiyo ukiitazama ile picha utaona watu wanacheka mbele ya ukuta mweupe, hakuna ziwa, hakuna mlima, na pembeni kuna mtu kainama, kofia imemfunika uso, sweta la kijani.

Simu ziliposhika mtandao Chogoria, shemeji akaitupa kwenye kundi la ukoo. Pongezi zikamiminika, wengi wakimsifu yule mama mstaafu. Kisha akaandika mama mkwe. Yeye huwa haandiki mengi. “Poleni na safari wanangu. Huyo mtoto anayetapika mmemtoa shule kwa ruhusa ya nani?”