Barua ya Wazi: Ombi la Mahafali ya Wenye Sifa

Kwa Waheshimiwa Wote Mnaohusika na Udahili wa Vyuo Vikuu,
Ofisi yoyote, ghorofa yoyote,
Tanzania.

YAH: OMBI LA KUFANYIWA MAHAFALI WENYE SIFA WASIO NA NAFASI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa kazi nzito ya kulijenga taifa, na kwa ule ujumbe mfupi uliotufikia usiku, uliosema kwamba binti yangu ana sifa ila hakuchaguliwa kutokana na ushindani. Nimeusoma na kuurudia nikitafuta kosa lake liko wapi. Silioni. Sifa anazo, mmekiri wenyewe kwa maandishi. Kwa kuwa hapo hatubishani, naomba tuanzie hapohapo.

Binti alisoma PCB. Mei alifanya mtihani, Juni akaripoti JKT kwa mujibu wa sheria, Julai matokeo yakatoka yeye akiwa kambini amebeba kuni. C ya Fizikia, C ya Kemia, C ya Baiolojia. Kwa hesabu za Baraza la Mitihani C ni pointi 3, mara tatu 9, na 9 ndiyo kizingiti cha mwisho cha Divisheni wani. Lakini ni wani! Mtaani hakuna anayeuliza kizingiti. Mjomba wake alipiga simu kutoka Tabora, sikuelewa alichosema kwa jinsi alivyokuwa akipiga vigelegele, yeye mwanaume mzima. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye tulikuwa tumenuniana tangu mwaka jana kwa ajili ya maji machafu, alileta kreti ya soda.

Tukafungua kitabu chenu cha mwongozo. Udaktari wa binadamu: afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, isipungue D kwa kila somo, jumla pointi 6. Hapo nikapata kizunguzungu kidogo, maana kumbe kwenu hesabu zimepinduliwa miguu juu. A ambayo Baraza huipa 1, nyie mnaipa 5. B ya 2 inapanda kuwa 4, D ya 4 inashuka kuwa 2, na S, ambayo Baraza huihesabu 6, kwenu ni nusu. Nusu! Ni C peke yake isiyobadili kauli kulingana na mlango inaoingia: 3 kwa Baraza, 3 kwenu. Kwa hiyo binti yangu ana 9 kotekote, kule akitakiwa asizidishe, huku akitakiwa asipunguze, na kote kapita. Mlitaka sita, kaleta tisa.

Naomba C ipewe uenyekiti wa kamati ya kuzipatanisha ofisi hizo mbili. Na kaka yake binti huyu awe mjumbe, maana yeye alimaliza kidato cha sita 2015, enzi za GPA, akapewa 'Merit' kwenye matokeo. 2016 divisheni zikarudi, naye hadi leo akienda kwenye usaili anaulizwa, kijana, hii ndiyo divisheni ngapi?

Tukaomba. Nasema tukaomba, lakini aliyeomba hasa ni kijana wa steshenari, kwa sababu mwenye matokeo alikuwa kwenye kwata na simu haikuruhusiwa. Nilikaa kwenye benchi pale steshenari pamoja na wazazi wenzangu, kila mtu ameshika karatasi yenye namba ya mtihani ya mwanawe. Kijana yule anajua nywila za watoto wa mtaa mzima, na sijui tungefika wapi bila yeye. Chuo cha kwanza, elfu kumi. Chuo cha pili, elfu kumi. Zamani, kuanzia 2010, mtoto alijaza maombi mara moja kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mfumo ukamtafutia. Tangu 2017 kila chuo kina mlango wake, na kila mlango una kontroo namba yake ya malipo. Mkasema ni kwa ajili ya uhuru wa mwombaji kuchagua. Tunashukuru sana kwa uhuru. Una risiti nyingi.

Awamu ya kwanza: ana sifa, hakuchaguliwa. Tukaambiwa ajaribu awamu ya pili, kwa chuo kipya na elfu kumi mpya. Ana sifa, hakuchaguliwa. Wakati huohuo kuna mtoto mwenye A tatu aliyechaguliwa na kila chuo alichoomba, na nafasi zake zote zinasubiri athibitishe moja. Sina kinyongo naye, kazi yake ameifanya. Nawauliza nyie tu.

Maana sibishi kwamba nafasi ni chache. Udaktari si semina ya siku mbili, unataka maabara, walimu, hospitali ya kufundishia, na wagonjwa hawawezi kuzungukwa na wanafunzi mia kila kitanda. Mzazi yeyote ataelewa hilo akielezwa. Ninachobisha ni hiyo 6. Kwenye kitabu chenu naona sifa za chini, naona na idadi ya nafasi za kila kozi. Kitu kimoja sikioni: pointi za mtu wa mwisho aliyeingia mwaka jana. Namba hiyo mnayo. Kompyuta iliyowapanga waombaji kuanzia juu hadi chini ilikata mstari mahali fulani, na mahali hapo pana namba. Ni tarakimu moja, au mbili zikizidi. Mngeiandika pembeni ya ile 6, mtoto mwenye 9 angejua mapema kama anaomba au anajifurahisha, na mama yake angejua kama elfu kumi hiyo ni ada au ni sadaka.

Hamkuiandika. Mmefanya alichofanya konda anayesimama mlangoni akiita abiria na kupokea nauli huku basi limeshajaa tangu kituo cha kwanza, halafu anawaambia walio chini: nauli yenu ilitosha kabisa, hongereni, ila kiti hakuna. Na nauli harudishi. Konda wa namna hiyo, stendi yoyote nchini, angechaniwa shati. Nyie mnaitwa waheshimiwa. Mmechukua hela ya watoto ambao mlikuwa na kila namna ya kujua kwamba hawaingii, mkaichukua tena awamu iliyofuata, mkawatumia ujumbe usiku ili asubuhi tusiwe na mtu wa kumpigia. Na mtoto huyo, aliyekwisha kurudi kutoka kambini, sasa hatoki nje mchana, kwa kuwa kila anayekutana naye njiani ana swali lilelile: ameitwa chuo gani?

Samahani, waheshimiwa. Shinikizo la damu. Narudi kwenye somo tajwa hapo juu.

Ombi langu ni mahafali. Kama mtu anaweza kufuzu kuwa na sifa, na nyie mmethibitisha kwamba inawezekana, basi afuzu rasmi, na wazazi tuone. Napendekeza iwe Jumamosi ya baada ya vyuo kufunguliwa, ili tusigombanie mabasi na wale wanaosafiri na magodoro. Majoho yashonwe kwa kitambaa chenu cha kawaida lakini yaishie kiunoni, kwa kuwa hapo ndipo udahili ulipoishia. Kofia ziwepo, zile shada za pembeni zisiwepo. Zitatunzwa ofisini hadi mwenye kofia atakapopata nafasi.

Wahitimu wataingia kwa maandamano wakipangwa kwa kombi: PCB mbele, kwa kuwa ndio wengi wenye huzuni, wakifuatiwa na PCM, CBG na EGM, halafu HGL na HKL ambao nao wana yao, kule sheria. Bendi ipige. Mgeni rasmi awe mmoja wenu, mnaweza kupeana zamu. Hotuba yake msihangaike kuiandika, tunayo: vijana msichague kazi, mjiajiri, fursa ziko kwenye kilimo na mitandao. Tunaijua kwa moyo, tutaisoma naye kwa sauti kama kiitikio.

Badala ya tasnifu, kila mhitimu awasilishe risiti zake za maombi zilizojalidiwa kwa jalada gumu jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Madaraja yatolewe kwa unene. Aliyeomba awamu zote, kila awamu vyuo vipya, huyo ni daraja la kwanza na apigiwe makofi ya kusimama. Aliyeomba viwili vitatu, daraja la pili la juu. Aliyeomba kimoja tu kwa sababu mama yake anauza vitumbua na hiyo elfu kumi ilikuwa mtaji wa kesho yake, huyo apewe pasi ya kawaida na ashauriwe kujituma zaidi. Jopo la watahini lipitie risiti ukurasa kwa ukurasa na kumuuliza mtahiniwa maswali: hii ya chuo cha tatu ililipwa lini? Mtandao ulikuwa chini kwa muda gani? Ulihisi nini kontroo namba iliposema imekwisha muda wake?

Cheti kiandikwe kwa lugha ya kistaarabu. Nimejaribu rasimu: "Hii ni kuthibitisha kwamba mwenye cheti hiki ana sifa zote zilizotangazwa na kuzidi, kwamba sifa hizo zimehakikiwa na mamlaka, na kwamba asizitumie." Sahihi mbili, mhuri mmoja, ile picha ya pasipoti yenye mandhari ya bluu. Mtaturuhusu tukitie fremu na kukitundika sebuleni, juu ya televisheni, pale palipokuwa pakisubiri picha nyingine.

Kijana wa steshenari atunukiwe shahada ya heshima ya uzamivu katika Kontroo Namba. Kazi aliyoifanya ni ya kitaaluma.

Nimeshaona pia tatizo litakalojitokeza, na nimelitafutia dawa. Wenye sifa ni wengi, hakuna ukumbi utakaowatosha. Kwa hiyo kushiriki mahafali nako kuombwe, kwa dirisha, kwa elfu kumi, na kila mwenye sifa ya kuwa na sifa aruhusiwe kuomba. Watakaokosa viti watumiwe ujumbe kwamba wana sifa za kuhudhuria mahafali ya wenye sifa ila hawakuchaguliwa kutokana na ushindani. Wao waandaliwe mahafali yao baadaye. Naamini mtakuwa mmeona jinsi mpango huu unavyojiendesha wenyewe kimapato.

Mengine ni madogomadogo. Ujumbe wa kukataliwa utumwe mchana, saa za kazi, na uwe na namba inayopokelewa. Kambini uteuliwe mti mmoja wenye mtandao, kuruta wenye matokeo wapelekwe chini yake nusu saa kwa foleni, afande awepo akitaka. Lile jibu la "chagua kozi nyingine yenye ushindani mdogo" liambatane na jina la kozi. Na anayetushauri diploma atuambie kabla hatujalipia shahada, ushauri mzuri hauharibiki kwa kutolewa mapema.

Tuliomba na mkopo, kwa imani, maana dirisha lake halisubiri mtu apate chuo kwanza. Cheti cha kuzaliwa kikapelekwa RITA kuhakikiwa, kikarudi kikiwa safi: ni kweli alizaliwa. Kwa hiyo mpaka sasa dola inazo nyaraka zinazothibitisha kwamba binti yangu alizaliwa, kwamba alisoma, kwamba alifaulu kwa daraja la kwanza, kwamba anaweza kukimbia mchakamchaka alfajiri akiwa amebeba silaha, na kwamba ana sifa za kuwa daktari. Sijui ni kitu gani kingine mnataka kujua kumhusu. Ana miaka kumi na tisa. Anaweza kuwaambia mzunguko mzima wa damu bila kutazama daftari, chumba kwa chumba cha moyo, vali kwa vali, na jana nilimkuta anamweleza mdogo wake wakati wanachambua mchele, kwa sauti ya mtu anayesimulia mahali alipowahi kuishi. Mngemwambia Julai kwamba mstari uko kumi na mbili, au kumi na tatu, au popote ulipo! Angelia wiki moja, angeomba kozi ya maabara au ya famasi wakati nafasi bado zipo, na leo angekuwa anafunga begi. Mlimwacha asimame kwenye mlango ambao ulishafungwa, mkimtoza kwa kusimama.

Ninaambatanisha nakala za risiti, nakala ya matokeo, na kipimo cha kiuno kwa ajili ya joho.



Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi wa Mwenye Sifa

N.B. Kama kuna ada ya kupokea barua ya wazi, tumeni kontroo namba. Nitalipa leo kabla ya saa sita usiku, mtandao wenu ukiamka.